Tuckerman Baada ya Lifti Kufungwa: Kupanda kwa Miguu, Kushuka kwa Skii

Lifti za kituo cha skii cha Wildcat, New Hampshire, Marekani, kwa kawaida husimama mwezi wa Aprili. Ng'ambo ya barabara namba 16, kwenye Mlima Washington, msimu mwingine ndio kwanza unaanza. Majira yote ya baridi upepo hukwangua theluji ya kileleni na kuimwaga katika Tuckerman Ravine, bakuli lenye kuta lililochongwa na barafu ya kale upande wa mashariki wa mlima. Theluji hiyo hurundikana hadi ikadumu mpaka Mei, na miaka mingine vipande vyake huonekana hata Juni. Skii unazibeba mgongoni, unapanda kwa miguu, unashuka mara moja, au mbili kama pumzi ipo, kisha unarudi garini. Kwa walio Lewiston na Portland kule Maine ni mwendo wa kama saa mbili kwa gari. Kwa walio Boston ni kama saa tatu.

Anayeipanga safari hii kwa kutegemea ubavu anakosea hesabu. Inapangwa kwa saa. Aliyepanda Kibo amezoea kuondoka kambini karibu na saa sita usiku; hapa kuwahi namna hiyo hakukusaidii, kwa sababu saa moja asubuhi mteremko wote bado ni mgumu kama sakafu na anayeteleza hasimami mpaka afike kwenye mawe ya chini. Ukichelewa nako, theluji inakuwa uji mzito unaoweza kuporomoka, au kivuli kinaingia na kila kitu kinaganda upya ukiwa bado juu. Katikati ya hayo mawili kuna saa mbili au tatu nzuri. Karibu kila kinachofuata hapa ni namna ya kuzipata hizo.

Mwongozo huu haumfundishi mtu kuteleza kwa skii. Makorongo ya Tuckerman yana mwinamo wa digrii 35 hadi 50 na zaidi. Jipime Wildcat kabla lifti hazijasimama: shuka njia ngumu, zenye alama ya almasi nyeusi, asubuhi zikiwa bado ngumu, ukikata kona fupi kushoto na kulia, na uweze kusimama papo hapo unapotaka. Kama upande mmoja bado unakusumbua, subiri mwaka ujao.

Usiku uliotangulia

Theluji inayotafutwa ni theluji ya punje. Mchana inayeyuka, usiku inaganda, na baada ya mizunguko kadhaa chembe zake zinakua na kuviringika kama mtama. Ili iwe tamu kuteleza, lazima usiku igande kwelikweli, halafu jua lilainishe sentimita 3 hadi 5 za juu tu, chini pabaki pagumu pa kubeba uzito wako.

Jioni soma vitu viwili: utabiri wa miinuko ya juu unaotolewa na Mount Washington Observatory, na taarifa ya Mount Washington Avalanche Center, kituo cha Huduma ya Misitu ya Marekani kinachofuatilia maporomoko ya theluji mlimani hapo. Joto linalotangazwa ni la kileleni, mita 1,917. Sakafu ya bakuli iko kama mita 600 chini yake, kwa hiyo ongeza takriban digrii 4. Kileleni pakiwa nyuzi -6 alfajiri, bakulini ni kama -2, na hiyo inatosha. Pakiwa +2 usiku kucha, bakulini hapakuganda.

Mawingu nayo yana neno. Usiku wa anga safi theluji hupoteza joto lake kuelekea angani, na uso wake unaweza kuganda hata hewa ikiwa juu kidogo ya sifuri. Mawingu yakitanda, joto hilo linazuiwa, na theluji inaamka ikiwa imelowa. Usiku mmoja wa namna hiyo si msiba. Ikiwa ni mfululizo wa siku mbili au tatu bila kuganda, tena na mvua juu yake, ahirisha safari. Maji yanapopenya tabaka za theluji hulegeza kushikana kwake, na maporomoko ya theluji mbichi, yaani iliyolowa, huanzia hapo. Hayaendi mbio sana, lakini ni mazito mno, na yakisimama yanakaza kiasi kwamba aliyefukiwa hawezi kujitoa.

Halafu upepo. Tarehe 12 Aprili 1934 kituo cha kileleni kilipima upepo wa kilomita 372 kwa saa. Ilikuwa Aprili, si Januari. Hutakutana na huo, ila upepo wa kilomita 80 tu kwa saa unakutosha: skii mgongoni zinageuka tanga. Pia kuna jambo ambalo wengi hawalitegemei. Jua likiwaka huku upepo wa baridi unavuma, theluji hailainiki siku nzima. Utaliona anga la buluu kwenye simu, upande, ukute ukuta mgumu saa saba mchana.

Mzigo

Seti ya kawaida ya kwenye lifti, skii na viatu vyake, hukaribia kilo 10. Seti nyepesi ya kupandia inapunguza kilo 3 au 4, lakini si sharti. Wengi huja Tuckerman na vifaa vyao vilevile vya kila siku. Njia ya chini mwezi wa Mei ni mawe, matope na barafu iliyobaki vivulini, hivyo vaa viatu vya kutembelea na viatu vya skii vining'inize kwenye begi. Funga skii moja kila upande wa begi, kisha zishikamanishe ncha zake juu ya kichwa kwa mkanda, zifanye umbo la herufi A. Mikia iwe juu ya usawa wa nyuma ya magoti, la sivyo itakugonga kila hatua na kukuangusha kwenye mawe.

Ngozi za kupandia, zile zinazobandikwa chini ya skii, zina faida kama theluji inaanzia karibu na maegesho. Baada ya hapo ni mzigo wa bure. Ukizitumia, zipake nta yake ya kuzuia kunata. Ngozi iliyolowa juani ikiingia kivulini hubeba donge la theluji chini ya mguu, na gundi ikishalowa haishiki tena. Zikunje gundi kwa gundi uziweke ndani ya koti, kifuani.

Shoka la barafu na kramponi, yale meno ya chuma ya kufunga chini ya viatu, ni lazima, hata kama utabiri ni wa jua. Zile spaiki ndogo za mpira za kuvalia viatu zinakufikisha Hermit Lake, chini ya bakuli, vizuri; kwenye mwinamo wa digrii 40 ni mapambo. Kramponi zijaribu nyumbani juu ya viatu vya skii, kwa sababu nyingi zimepimwa kwa viatu vya kawaida na mkanda wake hautafika. Helmeti ivae wakati wa kupanda pia, maana vinavyodondoka kutoka juu havingoji uwe unateleza. Bikoni ya maporomoko (kifaa cha redio cha kumtafutia aliyefukiwa), ufito wa kuchomea theluji na koleo kila mtu awe na vyake. Bikoni iwake tangu unapoondoka kwenye gari, nanyi mpimane kama inatuma na kupokea.

Maji lita 2, chakula chenye chumvi, glavu jozi mbili, koti la kuzuia upepo, na nguo kavu isiyo ya pamba. Krimu ya jua paka chini ya kidevu, ndani ya matundu ya pua na nyuma ya masikio, kwa kuwa theluji safi hurudisha hadi asilimia 80 ya mionzi inayochoma na inakupiga kutoka chini. Ngozi nyeusi haikuokoi hapa. Midomo na pua zitababuka vilevile. Miwani myeusi usiivue hata kukiwa na wingu jembamba. Macho yaliyoungua kwa mwanga huanza kuuma saa kadhaa baadaye, usiku, kama yaliyotiwa mchanga.

Chukua pia kipande cha nta ya theluji ya joto. Theluji ya Mei ina chavua na uchafu wa miti, na skii zisizo na nta hunata ghafla zikitoka kwenye ngumu kuingia kwenye mbichi. Skii inasimama, mwili unaendelea, na goti ndilo linalolipa.

Kutoka Pinkham Notch hadi bakulini

Maegesho ya Pinkham Notch, njia inapoanzia, mita 620 hivi, hujaa mapema Jumamosi na Jumapili za jua. Kama unaweza, nenda katikati ya wiki. Ondoka kwenye gari karibu na saa mbili asubuhi. Njia ya Tuckerman Ravine Trail hadi Hermit Lake ni kilomita 3.9 na inapanda zaidi ya mita 550. Ukiwa na mzigo ihesabie saa mbili hadi mbili na nusu. Usipande kwa kutumia njia ya skii ya Sherburne. Ni ya kushukia, na ikiwa matope kila nyayo inaichimba.

Hermit Lake ndipo pa kufanyia uamuzi. Soma ubao wa taarifa, waulize walinzi wa theluji wa Huduma ya Misitu kama wapo, na tazama makorongo yote kwa macho yako. Kutoka hapo hadi sakafu ya bakuli ni kama kilomita moja, dakika 30 hadi 45. Lengo ni kufika sakafuni kati ya saa nne na nusu na saa tano.

Sasa kaa, lakini usikae popote. Kuna rundo la mawe makubwa upande wa kulia linaloitwa Lunch Rocks, na jina lake limewaponza watu: liko chini kabisa ya barafu inayoning'inia kwenye ukuta mkuu. Majira ya kuchipua barafu hiyo hukatika vipande, vingine vikubwa kama gari, na huanguka bila saa maalumu, ingawa jua kali na mvua huharakisha. Kula chakula chako upande wa kushoto, mbali na mstari wa kuanguka, uso ukiwa umeelekea juu. Kelele ikisikika, tazama kwanza kinakwenda wapi ndipo ukimbie.

Kuchagua korongo ni kujua jua linalifikia saa ngapi. Right Gully limeelekea kusini, kwa hiyo linalainika kwanza na ndilo linaloyeyuka mapema; mwisho wa Aprili lifikirie saa nne na nusu hadi saa sita. Left Gully limeelekea kaskazini-mashariki, linachelewa kulainika na ndilo hudumu kuliko mengine. Hillman's Highway, lililo nje kidogo ya bakuli, ni refu na mwinamo wake unaongezeka polepole, hivyo unaweza kupanda robo tu, ukashuka, ukajipima. Kwa mara ya kwanza ndilo tunalolipendekeza, na tunashangaa wageni wengi wanavyolipita wakikimbilia ukuta mkuu kwa sababu ya picha.

Ukuta mkuu wenyewe mwezi wa Mei uache. Theluji yake hujivuta polepole kuelekea chini na kujitenga na mwamba, na nyufa hufunguka, nyingine zimefunikwa na daraja jembamba la theluji. Sehemu ya juu inayoitwa the Lip ina mto wa maji yanayokwenda chini ya theluji na kuila kutoka ndani. Anayetumbukia humo anakutana na maji ya baridi kali na giza. Ndiyo maana kila mwaka Huduma ya Misitu hufunga kipande cha njia kati ya Lunch Rocks na makutano ya Alpine Garden Trail, kwa wapandaji na wenye skii pia. Mwaka 1939 Toni Matt aliuteremka ukuta huo moja kwa moja bila kukata kona, akamaliza mashindano ya Inferno kutoka kileleni hadi Pinkham kwa dakika 6 na sekunde 29.2. Hakuwa amepanga hivyo. Alidhani ameshaupita ukingo.

Kupanda ngazi

Panda korongo lilelile utakaloshuka. Ukipanda unajifunza kila kitu: palipo pagumu, palipotoboka, jiwe lililojificha. Anayezunguka na kuingia kutoka juu anakisia.

Kwa kawaida kuna ngazi ya nyayo iliyokwisha kupigwa. Ikiwepo, ifuate na usiiharibu kwa kushukia juu yake. Isipokuwepo, piga teke mara mbili au tatu hadi nusu ya kiatu iingie, kisigino kikiwa sawa na vidole au juu kidogo. Shoka lishike mkono wa upande wa mlima, mpini uingie theluji kabla ya kuhamisha mguu. Kiatu kikiingia sentimita 1 tu, vaa kramponi hapo hapo au ngoja. Usiseme utazivaa ukifika pagumu, kwa sababu pagumu ndipo pasipovalika. Kiatu kikizama hadi juu ya kifundo kila hatua, umechelewa, geuka.

Usipande moja kwa moja chini ya mtu mwingine. Akiteleza atakuja na skii, fimbo na kramponi zake, na mtakwenda wote.

Kuteleza na kuporomoka ukiwa unapanda ndiko ajali ya kawaida kuliko zote hapa, na inazuilika katika sekunde mbili za kwanza tu. Mkono mmoja juu ya kichwa cha shoka, mwingine chini ya mpini, jigeuze tumbo chini, lete kichwa cha shoka karibu na bega, kisha lalia kwa kifua chote hadi ncha ichimbe. Ukiwa na kramponi inua miguu, maana jino moja likikamata kwa kasi linavunja kifundo au kukupindua. Jifunze kwenye mteremko mfupi wenye mwisho ulio wazi, na mara nyingi, hadi mwili uufanye bila kuulizwa. Skii zikiwa miguuni mambo ni tofauti: zizungushe ziwe chini yako, mlalo, ubane kingo.

Kuvaa skii juu ya mteremko

Hapa ndipo vifaa hupotea. Kabla ya kufungua chochote, chimba jukwaa kwa koleo au viatu, urefu wa mita moja na nusu, upana wa nusu mita, likiinama kidogo kuelekea mlimani. Chomeka shoka hadi kichwani na ulifunge begi hapo. Skii zichomeke wima kwa mikia. Ikilazwa hata kwa sekunde moja itaondoka, na ikiondoka itafika chini kama mkuki kwa waliokaa sakafuni. Ukifungua skii, jiulize kwanza moyoni: ipo mkononi?

Kwangua theluji iliyoshikana chini ya kiatu kwa ncha ya fimbo. Kwenye vifungo vyepesi vyenye pini, barafu hujaa chini ya kipande cha mbele na kukizuia kufunga sawasawa. Itoe, kanyaga, kisha zungusha mguu mara kadhaa kuona kama pini zimekaa. Vaa ya upande wa bonde kwanza, huku mguu wa mlimani umesimama imara. Geuza kiatu kutoka hali ya kutembea. Kamba za fimbo zitoe mikononi.

Kushuka

Mmoja mmoja. Anayesubiri asimame pembeni, penye kinga ya mwamba, si katikati ya korongo. Anza kwa kuteleza ubavu mita chache kuisikia theluji, ndipo ukate kona ya kwanza. Kila kona itamwaga theluji mbichi ya juu. Inakwenda polepole lakini ni nzito, na ikikusanyika itakupiga miguu kwa nyuma. Baada ya kona tatu au nne jisogeze pembeni, iache ipite. Ukiona mipira ya theluji inajiviringisha yenyewe kutoka chini ya miamba, juu hapafai tena. Maliza hiyo moja, usirudie.

Jua huliacha bakuli mapema mchana, kwa kuwa mlima uko magharibi yake. Kuanzia karibu na saa nane kivuli kinatambaa, na theluji iliyokuwa laini inaganda ikiwa na makovu yote ya kona za watu. Kama safari ya pili haitakufikisha juu kabla ya saa saba na nusu, usiianze. Saa tisa uwe umeshatoka bakulini.

Kati ya bakuli na Hermit Lake kuna Little Headwall, kijito kinachofunikwa na theluji majira ya baridi. Ukiona maji yamefunguka popote juu yake, vua skii utembee kwa njia ya miguu. Daraja lililobeba watu asubuhi limeyeyuka kwa chini tangu wakati huo.

Simu haishiki kila mahali bondeni, basi mwachie mtu wa nyumbani jina la korongo na saa ya kurudi. Sheria ya New Hampshire inaruhusu kudaiwa gharama za uokoaji ukionekana umezembea, na kupanda bila shoka wala kramponi ni uzembe usiohitaji maelezo.

Sherburne ikiwa na theluji, shuka nayo polepole. Goti limechoka, na mawe yanaanza kuchomoza kadiri unavyoteremka. Ukifika kwenye kamba iliyofungwa kuvuka njia, hapo ndipo theluji inapoishia: vua skii, vuka upande wa njia ya miguu, umalizie kwa viatu vya kutembelea. Garini zifute kingo za skii kwa kitambaa kikavu kabla ya kuzifungia, kwani usiku mmoja wa unyevu unatosha kuzipa kutu, na zitoe sponji za ndani za viatu zikauke.